Wanaofundisha wauguzi wodini nao wapandishwe vyeo

Siku utakapolazwa hospitalini, Mungu apishie mbali, mtu wa kwanza kukushika mkono hatakuwa profesa. Atakuwa muuguzi kijana, pengine hajatimiza miaka 25. Jinsi atakavyoutafuta mshipa wako, atakavyokugeuza kitandani na kutambua kwamba pumzi yako imebadilika usiku, yote hayo alifundishwa na mtu aliyesimama kando yake wodini. Leo nataka tumzungumzie mtu huyo, na hasa faili lake.

Hapa Tassia, ghorofa moja juu ya ninapoishi, yuko mama mmoja ambaye sote katika ploti humwita Mwalimu. Ni mhadhiri wa uuguzi katika chuo kikuu ambacho sitakitaja. Kwa miaka 11 amekuwa akitoka nyumbani alfajiri, kabla msongamano wa Barabara ya Outering haujashika, ili saa moja asubuhi imkute wodini pamoja na wanafunzi wake. Mwaka 2023 chuo chake kilitangaza nafasi za wahadhiri waandamizi na kutoa siku 14 za kupeleka maombi. Usiku wa siku ya 12 alinigongea mlango, amekumbatia katoni.

"Jirani, samahani kwa saa hizi," akaniambia. "Nisaidie kupanga haya makaratasi. Macho yangu yamekataa."

Katoni hiyo ilikuwa imekaa chini ya kitanda miaka mingi. Wewe unayeishi mitaa hii unajua jinsi maji yanavyokuja kwa zamu, na kila mtu ana mitungi na madebe yake ndani ya nyumba. Mtungi mmoja ulikuwa umevuja. Barua za kumpangia masomo zilikuwa zimegandamana kama chapati za jana, na cheti cha kongamano moja kilibaki nembo tu. Hata hivyo maji hayakuwa adui mkubwa. Tulipomaliza kuanika karatasi juu ya makochi, tuligundua kwamba haikuwapo hata moja iliyoonyesha kuwa mama huyu aliwahi kumfundisha mwanafunzi kando ya kitanda cha mgonjwa. Miaka 11 nzima! Hakuwahi kuomba barua, na hakuna aliyewahi kumpa.

Alipeleka alichokuwa nacho. Jibu lilikuja baada ya miezi: machapisho ni machache, na ushahidi wa ufundishaji hautoshi. Jioni hiyo nilimpima presha, nikapata 168 juu ya 102. Nilimwacha akae kimya dakika kumi, nikampima tena, kisha nikamsihi aende kliniki apimwe kwa siku kadhaa, kwa maana kipimo kimoja cha mtu mwenye uchungu hakitoshi kumwambia ana ugonjwa. Yeye mwenyewe huwafundisha wanafunzi jambo hilo, lakini mganga hajigangi.

Huenda ukasema hayo ni mambo ya wasomi, wayamalize wenyewe huko vyuoni. La hasha. Mhadhiri ni binadamu, na binadamu hufuata palipo na riziki. Kama cheo chake kinategemea makala anayochapisha peke yake, saa nne asubuhi atawaacha wanafunzi wodini aende kuandika. Sindano watakayojifunza kudunga bila mwalimu utaipata wewe, au mwanao.

Huko Marekani mhadhiri huwekwa katika majaribio kwa miaka kadhaa, aghalabu sita, kisha faili lake lote hupimwa: ama athibitishwe kazini hadi astaafu, ama atafute chuo kingine. Kwetu Kenya mtu huweza kupata masharti ya kudumu na pensheni mapema, na mlima wake ni ngazi: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vya pamoja vya kuajiri na kupandisha vyeo ili kila chuo kisijipimie kwa kibaba chake. Machapisho hupewa pointi. Kufundisha na kusimamia tasnifu za wanafunzi pia kumo. Shida ni kwamba makala ni kitu cha kushika mkononi, na kufundisha wodini hupita kama harufu ya dawa.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na utafiti. Utafiti wa vyandarua vilivyotiwa dawa uliofanywa Kilifi, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa karibu theluthi moja. Makala kama hiyo ina uzito wa dhahabu. Lakini pointi zinapokuwa ndiyo sarafu pekee, wachuuzi hawakosi kujitokeza. Yako majarida ambayo ukilipa tu, makala yako hutoka wiki ijayo bila mtaalamu yeyote kuisoma. Mkutubi mmoja wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver, Jeffrey Beall, alikuwa akiweka orodha ya majarida aliyoyashuku, hadi alipoiondoa Januari 2017. Mwalimu alikuwa amekataa kuyatumia. Kukataa kwake hakukuongeza hata pointi moja.

Najua hoja ya upande wa pili, maana nimeisikia kutoka kwa mzee mmoja aliyewahi kukaa katika kamati za aina hiyo. Alisema kufundisha wodini ni kazi ambayo mhadhiri tayari analipwa mshahara, na tena hakupimiki. La kwanza halina nguvu, kwani hata utafiti analipwa mshahara kuufanya. La pili ni uvivu. Mwaka 1990 msomi Mmarekani Ernest Boyer aliandika kwamba usomi una sura nne: kugundua, kuunganisha maarifa, kuyatumia, na kufundisha. Kila moja ina njia yake ya kupimwa. Mhadhiri mwenzake aje wodini mara mbili kwa mwaka, amtazame akifundisha, aandike alichoona. Msimamizi wa wodi atie sahihi kwenye karatasi ya zamu. Wanafunzi wajaze tathmini kila muhula. Haya hayahitaji mashine wala mfadhili. Yanahitaji kamati iseme wazi kwamba itayahesabu, na iyahesabu kweli.

Hadi kamati zitakapofanya hivyo, wewe mhadhiri unayesoma ukurasa huu, anza leo. Usingoje tangazo. Andika siku ile ile: tarehe, wodi, wanafunzi wangapi, ulifundisha nini. Mstari mmoja unatosha. Mwisho wa kila muhula weka barua ya kupangiwa masomo, muhtasari wa somo, na maelezo mafupi ya ulichobadilisha mwaka huu na sababu yake. Tathmini za wanafunzi ziweke zote, pamoja na zile zilizokukosoa, kwa kuwa faili lenye sifa tupu halimshawishi mtu mzima. Kwa wanafunzi uliowasimamia, andika mada ya tasnifu na mwaka waliomaliza. Kwa makala mliyoandika watu wengi, eleza sehemu yako ni ipi, na uhifadhi kibali cha kamati ya maadili. Na barua ya kukusifu iombwe anayeijua kazi yako angali yupo kazini. Watu huhama, hustaafu, hufa.

Kina mama wana tatizo lao ambalo wanaume hawalifikirii. Mwalimu alichapisha makala mbili kwa jina la baba yake na tatu kwa jina la mumewe, na kamati ikaona watu wawili. Tangu mwaka 2012 kuna huduma ya bure iitwayo ORCID ambayo humpa mtafiti nambari yake moja, na kazi zake zote hufuata nambari hiyo hata jina likibadilika. Kujiandikisha ni kazi ya dakika chache.

Jambo moja sitachoka kulisema kwa kuwa nimefanya kazi wodini: jina la mgonjwa, nambari yake ya faili, au picha ya kidonda chake visionekane katika faili la kupandishwa cheo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za afya ya mtu, lakini hata isingekuwapo, mgonjwa hakulazwa ili awe ngazi ya mwingine.

Kisha tengeneza nakala. Moja nyumbani, ndani ya mfuko wa plastiki na juu ya kabati, moja kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine, na moja iliyopigwa picha na kuwekwa kwenye barua pepe. Mkazi wa Tassia hapaswi kuelezwa sana thamani ya stakabadhi. Ardhi tunayoishi ilikuwa ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, na wenye ploti huzilinda barua zao kuliko runinga. Inashangaza kwamba mtu huyo huyo anaweza kuiacha miaka 11 ya kazi yake ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia.

Presha ya Mwalimu sasa imetulia, na anatumia dawa. Amenunua mafaili matatu ya kadibodi ngumu, na Jumamosi bintiye humsaidia kupiga picha karatasi moja moja kwa simu. Bado anatafuta barua za miaka ya kwanza wodini. Sista aliyekuwa msimamizi wakati huo alistaafu, akarudi kwao Kisii, na simu yake haipatikani. Mwalimu amesema Desemba atapanda gari amfuate huko huko. Ameshaniuliza kama nitamsindikiza.