Presha Kuka ya Stenlesi Isikupeleke Kwenye Kausha Damu!

Wadau, kuna staa mmoja hapa mjini (jina kapuni) kaposti presha kuka yake ya stenlesi, akasema za alumini ni za washamba. Sasa naona madada wa Tandika na Mwananyamala wanakopa kausha damu ili nao wang'ae jikoni. Jamani!

Ukweli ni huu. Alumini ni nyepesi, bei chee, inashika moto haraka, kwa hiyo gesi haiishi mapema. Ubaya wake haielewani na vitu vichachu. Ukiijaza nyanya, ndimu au ukwaju, inaliwa taratibu na mchuzi unapata ladha ya chuma. Stenlesi haina shida hiyo na inadumu, ila nzito na bei imechangamka. Ukiichukua, angalia kitako kiwe kinene, la sivyo itakuunguzia.

Cha kuogopa ni mpira uliochoka, kitundu cha mvuke kilichoziba, na kulazimisha mfuniko kabla presha haijaisha. Hayo staa wetu hakuyasema.

Nunua kwa mfuko wako. Makande yakishaiva, nani anauliza yameivia wapi?

Wewe unatumia ipi? Funguka hapo chini.