Wagonjwa wa saratani waulizwe, wasikaripiwe

Wengi wetu tunadhani kwamba dawa ikishaingia mwilini huanza kazi papo hapo, na kwamba chochote kinywewacho kando yake hakina neno. Kwa mgonjwa wa saratani, dhana hii ni ya hatari.

Tuchukue mfano wa saiklofosfamidi, dawa iliyobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1950 na ambayo hadi leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hutumiwa kutibu saratani ya matiti, na pia uvimbe wa taya za watoto ambao Dkt. Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 alipokuwa akihudumu Kampala. Ajabu ni kwamba dawa hii, kama itokavyo chupani, haiui seli ya saratani. Hufika kwenye ini ikiwa imelala. Humo vimeng'enya, hasa kile kiitwacho CYP2B6, huibadili, na hatimaye humeguka sehemu mbili. Ya kwanza huzifunga nyuzi za DNA hata seli ishindwe kugawanyika. Ya pili, akroleini, haiui saratani. Hutoka na mkojo huku ikikiunguza kibofu. Ndiyo sababu mgonjwa huhimizwa kunywa maji mengi.

Basi ini ndilo liiamshalo dawa, nalo halitumikii bwana mmoja. Nguvu ya vimeng'enya hivyo hutofautiana baina ya mtu na mtu kwa kurithi. Isitoshe, rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huvichochea vifanye kazi kupita kawaida. Efavirenzi, iliyotumiwa kwa miaka mingi na watu wenye virusi vya Ukimwi, nayo hukichochea CYP2B6. Baadhi ya dawa za kuvu huvizuia vimeng'enya vingine vya ini. Mitishamba nayo ina kemikali zake, na mingi haijachunguzwa kwa kipimo hicho.

Hapa ndipo penye lawama yangu. Mgonjwa anywaye mitishamba kwa siri hafanyi hivyo kwa ujinga. Anajua kwamba akiitaja atakaripiwa mbele ya foleni nzima, kwa hivyo hunyamaza. Daktari naye hupima dozi akiamini kwamba ini lina kazi moja tu, kumbe lina tatu.

Nitaambiwa kwamba madaktari ni wachache na wagonjwa ni wengi. Ni kweli. Hata hivyo, swali moja lililoulizwa kwa upole na kwa lugha anayoielewa mgonjwa halimalizi dakika mbili: "Mama, ni nini kingine unachokunywa?" Muuguzi anaweza kuliuliza kila mgonjwa anapokuja kuongezwa dawa. Jamaa nao wabebe chupa, pakiti na mizizi yote iliyomo nyumbani, waiweke mezani.

Nisieleweke vibaya. Simwambii mtu yeyote aache dawa za kifua kikuu au za virusi kwa hiari yake. Kufanya hivyo kwaweza kumuua kabla ya saratani. Ninachodai ni kwamba uamuzi huo ufanywe na daktari ajuaye yote.

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Walinena kweli. Lakini ni nani atakayejifunua mbele ya mtu anayemkemea?