Fayawoli bila fundi ni ukuta wenye mlango wazi

MNAMO Julai 2023, Wakenya waliotaka kulipia huduma za serikali kupitia eCitizen walikumbana na mtambo usioitikia. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, naye Eliud Owalo, aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano, akakiri kwamba mfumo huo ulishambuliwa, ingawa alisema hakuna data iliyopotea.

Kila mkasa wa aina hii unapotokea, jibu jepesi huwa ni kutangaza zabuni ya kununua fayawoli, yaani ngome inayosimama kati ya mtandao wa ofisi na intaneti ikikagua kinachoingia na kinachotoka. Ni nadra kuulizwa ni nani atakayeiandaa siku itakapotolewa kwenye sanduku.

Ngome mpya ni kama bawabu aliyeajiriwa asubuhi bila kuambiwa nani mwenyeji na nani mgeni. Kwa kawaida fundi huiunganisha na tarakilishi kwa waya maalum, kabla haijaonja intaneti, kisha huiandikia amri mstari baada ya mstari.

Amri za awali huhusu neno la siri. Maneno ya siri ya kiwandani huchapishwa katika vitabu vya maelezo ambavyo hata mwizi anaweza kuvisoma. Mwaka wa 2016, programu haribifu ya Mirai iliteka maelfu ya kamera na vifaa vingine kwa kujaribu orodha ya maneno kama hayo yapatayo 60 tu. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kushambulia kampuni ya Dyn nchini Marekani, na tovuti mashuhuri zikatoweka kwa saa kadhaa.

Kisha fundi huonyesha upande upi ni wa nje, upi ni wa ndani, na wapi patawekwa seva zinazotembelewa na umma. Huweka saa sahihi, kwa kuwa kumbukumbu zenye saa potovu hazimsaidii mpelelezi. Huamua pia ni tarakilishi zipi zitakazoruhusiwa kuisimamia ngome, na kwa njia ya SSH, maana Telnet husafirisha neno la siri bila kulificha.

Kiini cha kazi ni kanuni. Mwenye busara hukataza kila kitu, kisha huruhusu kinachohitajika pekee. Mvivu, akichoshwa na malalamiko ya wafanyakazi, huandika amri moja ya kuruhusu yote. Malalamiko hukoma, na ngome hubaki jina tu.

Mwisho ni kuhifadhi. Katika mitambo mingi, ikiwemo ya Cisco, amri zisipohifadhiwa hufutika umeme unapokatika. Katika nchi iliyozoea kukatikiwa na umeme, kusahau hatua hii moja ni kuifuta kazi ya siku nzima.

Gharama ya uzembe yajulikana. Februari 2016, wezi walihamisha dola milioni 81 za Benki Kuu ya Bangladesh kutoka akaunti yake jijini New York. Mpelelezi wa polisi aliambia shirika la habari la Reuters kwamba benki hiyo haikuwa na fayawoli, na ilitumia vifaa vya mtumba vya dola 10 kuunganisha tarakilishi zake.

Ni kweli kwamba fayawoli si dawa ya kila maradhi. Shambulio la kufurika maombi, kama lililoikumba eCitizen, huweza kuziba njia ya intaneti kabla hata ya kuifikia ngome, na hapo msaada wa kampuni zinazosambaza intaneti huhitajika. Hata hivyo, hilo halimpi yeyote kisingizio cha kuacha mlango wazi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 humtaka anayehifadhi data za watu kuzilinda, na kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 zikivuja na kuwatia wenyewe hatarini. Sheria hiyo haitatimizwa kwa stakabadhi ya ununuzi.

Kwa hivyo, zabuni za wizara, kaunti na hata vyama vya ushirika zidai zaidi ya mtambo. Mwanakandarasi akabidhi maandishi ya amri zote alizoweka, nakala ihifadhiwe, maneno ya siri yabadilishwe mara tu anapoondoka, na mfanyakazi wa ofisi husika afunzwe kuzisoma kanuni hizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ni ufa unaozibwa kwa mistari michache.