Kuhani alingoja siku saba

Novemba 2001, katika mji mdogo wa Oxford, jimbo la Connecticut nchini Marekani, ajuza wa miaka 94 alilazwa hospitalini. Siku tano baadaye akaaga dunia. Aliuawa na kimeta, maradhi ambayo wafugaji wetu huyajua kwa ng'ombe. Alikuwa wa tano kufa baada ya barua zenye vimelea kutumwa kwa vyombo vya habari na maseneta wawili. Yeye hakuandikiwa hata moja. Nyumbani kwake hakukupatikana kitu. Vimelea vilionekana kwenye mitambo ya kupanga barua kituoni Wallingford. Yaelekea barua yake ya kawaida ilipita palipopita ile chafu.

Hebu waza hofu ya mji ule, mpendwa msomaji. Kila bahasha ni mshukiwa, na tarishi naye! Lakini wakuu wa Hospitali ya Griffin, katika mji jirani wa Derby, waliwaeleza wafanyakazi wao ukweli hata kabla ya tangazo rasmi. Naona walifanya vyema. Aliyefichwa jambo hujitungia lake, na kwa kawaida huwa baya zaidi. Kimeta cha mapafu hakiambukizwi na mgonjwa. Ni neno dogo, ila jirani asipoambiwa atamkimbia mfiwa.

Kwetu Kenya, mwezi mmoja kabla ya hapo, serikali ilitangaza kwamba barua iliyotoka Atlanta ilikuwa na kimeta. Vipimo vya baadaye vikaonyesha haikuwa nacho. Walioifungua walilalaje siku hizo?

Mambo ya Walawi sura ya 13 yampa kuhani kazi ngumu. Akiona alama ya kutiliwa shaka hamtangazi mtu kuwa najisi papo hapo, wala hamwachi aende zake. Humtenga siku saba, kisha humtazama tena. Sisi hatungoji hata dakika saba. Picha ya bahasha imeshafika Mombasa.

Katibu wa parokia akikuta unga ndani ya barua (na mara nyingi huwa unga tu), asiutikise wala kuunusa. Aiweke chini, atoke, afunge mlango, anawe kwa sabuni, awapigie polisi. Majina ya waliokuwamo chumbani yaandikwe na kupewa afisa wa afya, si kundi la WhatsApp la jumuiya.