Ilani ya Wafanyakazi wa Lodwar na Kakuma kuhusu Barua Pepe za Ofisi

Sisi makarani wa kaunti mjini Lodwar, walimu, wauguzi na wakalimani wa kambi ya Kakuma na makazi ya Kalobeyei, pamoja na wakimbizi wanaofanya kazi kwa posho, tunatangaza kwamba barua pepe ya ofisi ina wenyewe wawili: mwajiri mwenye anwani, na mtu aliyeiandika.

Hatupingi kumbukumbu. Mfadhili akija kukagua, risiti na zabuni zionekane. Kaunti nayo ina Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa kumjibu. Tunachopinga ni kuhifadhiwa kwa kila kitu, bila kikomo, bila kuambiwa. Huku kwetu mtandao wa uhakika mara nyingi ni wa ofisini, basi kwa anwani hiyohiyo mtu huomba ruhusa ya kwenda kliniki na hubishana na benki juu ya mkopo. Mkalimani mkimbizi humweleza msimamizi wake kwamba kuna watu kambini wanaomtisha, na huwataja. Mradi ukiisha, anwani hufungwa jioni hiyohiyo. Barua hubaki kwenye seva, pengine ng'ambo. Aliyeziandika hazioni tena, wengine wanazisoma.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano, wala hakikusema ulinzi huo unakomea getini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatupa haki ya kujua taarifa zetu zinatumiwaje na kuzipata, na inakataza kuziweka kupita muda unaohitajika. Tutaambiwa tulitia sahihi ya kuridhia. Sahihi ya mtu anayeihitaji kazi kuliko kazi inavyomhitaji ni ridhaa gani? Sheria hiyohiyo inamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha ridhaa.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa yana kinga mahakamani. Hayo tunayataka yabandike ukutani kanuni zao wenyewe, kwa lugha tunazozisoma.

Kila mwajiri aseme kwa maandishi anahifadhi nini, kwa muda gani, na nani ana ruhusa ya kufungua. Anayeondoka apewe siku za kuchukua barua zake binafsi, kisha zifutwe. Barua za ugonjwa na usalama zitengwe na za manunuzi.

Kila mmoja wetu ataanza kwa kumwandikia mwajiri wake akidai kuonyeshwa kumbukumbu zake. Asiyejibiwa atalalamika kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inamtaka akamilishe uchunguzi ndani ya siku 90. Barua hizo zisitumwe kwa anwani ya ofisi.