Nyumbani Mwetu: Maji Tunywayo

Leo tulitazame jerikeni la plastiki, ambalo halikosekani katika nyumba za kambini. Likwaruzwapo na kuchomwa na jua kwa muda mrefu, humeguka chembe ndogo zisizoonekana, nazo huingia katika maji.

Je, kuchemsha kwafaa? Kwafaa mara mbili. Kwanza, huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Hao ndio adui wa kwanza, tusiwasahau. Pili, mwaka 2024 wataalamu wa Guangzhou, China, walionyesha kwamba maji yenye chokaa nyingi yakichemka dakika 5, chokaa huganda na kuzikamata chembe za plastiki. Yakisha kuchujwa, hadi asilimia 90 huondoka. Maji yenye chokaa kidogo hupungukiwa na robo tu.

Basi, mama na askari uishiye peke yako, chemsha maji katika sufuria, yaache yapoe na kutulia, kisha yamimine polepole kupitia kitambaa kizito kilichochemshwa. Yahifadhi katika mtungi wa udongo wenye kifuniko. Usitie kamwe maji ya moto katika plastiki. Na ule ukoko mweupe wa sufuria usiukoroge: umebeba taka, uoshe, uumwage.