Gari Kuukuu Linapochemka

Gari kuukuu lililojaa jamaa likichemka karibu na njia panda ya Sonatubes, Kigali, dereva na asimame kando, azime injini, wala asifungue kifuniko cha rejeta kabla injini haijapoa. Mvuke uliobanwa humo huweza kumpofusha yeye, au mtoto aliyesogea kutazama. Injini ikipoa, na apime maji, akague mipira inayovuja na mkanda wa feni uliolegea. Kisha akitazame kifuniko chenyewe. Kigali iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yasiyobanwa huchemka huko kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kifuniko kisichobana huyaacha yachemke mapema, ijapokuwa rejeta imejaa. Kifuniko hununuliwa, macho hayanunuliki.